Ukili wa Chane Kumi na Tatu

Mama alisuka kwa chane kumi na tatu.
Hakuhesabu; mkono ulihesabu wenyewe
huku mdomo ukiwateta watu wa Gando
na jicho liko kwenye chungu cha muhogo.

Leo, Tunguu, saa tatu usiku,
jenereta inakohoa nyuma ya maabara,
nimeinamia picha aliyoileta Haroub:
mrija wa seli, umekatwa kama muwa,
na ukingoni mwake duara la punje.
Nikahesabu. Nikarudia.
Kumi na tatu.

Hakuna aliyeifunza seli kusuka.
Huongeza upande huu, hufumua upande ule,
mchana kutwa, usiku kucha,
na siku ikitaka kuwa mbili
hutandaza kamba kutoka ncha na ncha
ikavuta urithi, sawa kwa sawa,
bila kadhi.

Uvimbe nao husuka. Hilo ndilo linaloniudhi.
Hauna ukili wake wa kishetani;
ni uleule, wa Mama, wangu, wa mtoto tumboni,
ila umesahau kukata pindo,
unasuka mkeka usiokuwa na chumba.

Dawa aliyotundikiwa Mnazi Mmoja
asili yake gome la mti wa nchi za baridi.
Kazi yake kukaza. Ukili uliokazwa haufumuki,
usiofumuka hausukiki tena,
na seli hukwama katikati ya kujigawa
kama mtu aliyevaa kanzu akakosa tundu la kichwa.
Zilikufa nyingi. Daktari alitabasamu.

Lakini neva nazo zina mirija,
mirefu, toka uti wa mgongo hadi kwenye kucha,
na dawa haikuuliza jina mlangoni.
"Vidole vyangu havimo," akanambia kwa simu.
"Nashika ukindu, kama nashika upepo.
Jana nimejikata, damu nikaijua kwa jicho."

Sifongo nyeusi tuliitoa mwambani Fundo, bamvua kubwa,
inanuka yai viza.
Tumeiloweka, tumeikamua, tumeichuja,
tukaigeuza molekuli mkia, mara huku, mara kule.
Thelathini na nane zimeshindwa.
Ya tisa iliua kila kitu, pamoja na subira ya Haroub.
Ya ishirini na mbili haikuua hata kuvu.
Ya thelathini na tisa
nachelea kuisema.
Sahani moja, seli za uvimbe zimekwama;
sahani ya pili, neva zimenyoosha mikono, zinaishi.
Sahani mbili tu. Hata panya bado.
Miaka kumi, asema Haroub, fedha zikipatikana,
na fedha zenyewe unazijua.

Sitaki dawa kali. Kali tunazo.
Nataka yenye adabu ya fundi,
ijue ukili upi wa kuukwamisha
na upi wa kuupita kwa salamu.

Ijumaa umefika mzigo kwa boti ya Wete,
umefungwa gazeti la mwaka juzi:
kipande cha ukili, pima haifiki.
Amekisuka kwa meno, nadhani, na kwa ukaidi.
Chane kumi na mbili. Moja imeruka,
na ukingo unakwenda upande kama kaa.

Sikumwambia.
Meza ya hapa inayumba.
Nimekitandika chini ya darubini, isiteleze.