Ndimu Juu ya Mawe Mawili

Vuai karudi skuli na swali la mwalimu:
Linganisha mwamba wa mashapo na mwamba geu.
Piga mstari katikati ya ukurasa,
huku hili, huku lile, alama kumi.
Nami tangu alfajiri naponda kokoto hapa Mtende,
nyusi zimejaa vumbi jeupe,
nyundo imeshaninyang'anya kucha mbili.
Nikamwambia: kaa. Funga kwanza hilo daftari.

Hili, lishike. Limetoka shimoni leo.
Jepesi kuliko linavyoonekana,
lina matundu kama mkate wa kumimina.
Pitisha kidole: hapa kome kaacha alama ya mgongo,
hapa simbi, nusu ya mdomo, bado anataka kusema,
hapa tumbawe limelalia tumbawe
kama mikeka chumbani kwa bibi harusi.
Hakuna aliyeliharakisha.
Bahari ilikuwa ikishusha, ikishusha,
kaburi juu ya kaburi,
uzito mdogo mdogo ukawa ukuta.
Nyumba yetu hii yote ni maiti wa baharini
waliokubali kutusitiri na masika.

Hili jengine ni marumaru.
Fundi Ussi kanipa, masalio ya kaunta ya hoteli, Kizimkazi.
Limetoka mbali, kisiwani kwetu halizaliwi.
Baridi hata saa saba mchana.
Tafuta kome humo. Hupati.
Tafuta tabaka. Kuna mshipa mmoja tu wa kijivu,
kama barua iliyoloa, wino ukakimbia.
Pale lilipovunjika punje zinameta, sukari ya dukani.
Lilizikwa chini kuliko visima, chini kuliko majina,
likabanwa, likaokwa, wala halikuyeyuka.
Sikia hapo, Vuai: halikuyeyuka.
Lilijipanga upya likiwa gumu vile vile.

Akaniuliza: kwani tanuu la babu Pandu
si linachoma mawe pia? Mbona
hutoka chokaa tu, unga,
upepo ukipita umekwisha?

Swali hilo halimo kitabuni.
Nikaweka nyundo chini.
Tanuuni, nikasema, jiwe hutoa pumzi yake ikaenda zake.
Kule chini pumzi haikupata mlango.
Moto bila mzigo huacha unga,
moto chini ya mzigo huacha marumaru.
Sikujua kama najua
mpaka niliposikia nimeshasema.

Haya, lete ndimu, ile nusu ya jana.
Kamulia hapa. Povu, papo hapo, kama mtoto aliyechokozwa.
Kamulia na huku. Ngoja nilikwaruze kwa msumari,
hili lina staha.
Subiri.
Subiri, nimekwambia.
Povu. Dogo, la kuona haya, lakini povu.
Ukoo mmoja.

Kazija, dada yangu, aliporudi Maskati,
miaka kumi na mmoja jikoni mwa watu,
tulimpokea kama mgeni wa serikali.
Sauti imepigwa msasa, anacheka bila kuonyesha meno,
Kikae kimemtoka chote, au hivyo tulidhani.
Tulimtafuta kome, hatukumpata.
Hata siku alipojikwaa kizingitini kwa mama,
ukucha ukang'oka, na neno lililomponyoka
lilikuwa la Mtende tupu, la utotoni, lisiloandikika,
mama akacheka mpaka akalia.

Hilo sikumwambia Vuai.
Alikuwa keshainamia daftari, ulimi nje,
anaandika kwa mkono uliolowa.

Juzi limerudi. Sita kwa kumi.
Mwalimu kauliza kwa wino mwekundu:
Mstari wa katikati uko wapi?
Karatasi bado inanuka ndimu.
Nami debe la tatu halijajaa.