Abiria Chunga Mzigo Wako

Ijumaa jioni tulifunga sanduku la vyuma,
tukafunga na mlango wa darasa la tatu kule Uru
ambako madawati arobaini sasa yanasimama kwa miguu minne
na kumi na moja bado yanachechemea.
Mwalimu Ndeonasia akatukabidhi mkungu wa mshale,
akasema: Jumatatu si mbali, nendeni mkalale.

Hatukwenda mbali. Tuliteremka
kwa gia ya pili, breki zikinung'unika,
hadi ukingoni mwa msitu wa Rau
penye maji yanayotoka ardhini bila kuombwa.
Anyitike akazima injini,
akaweka mawe mawili nyuma ya matairi,
nami nikatundika kanga dirishani.
Hatupo.

Kosta hii ilikuwa ikipiga ruti ya Mbeya na Tukuyu.
Tuliinunua kwa kiinua mgongo chake na changu.
Kiinua mgongo! Mwaka mzima kilituinamisha
tuking'oa viti, tukichomelea kitanda,
tukifunga jiko la gesi pale alipokuwa akisimama konda.
Wanetu walisema tumechanganyikiwa.
Tukawaachia nyumba na funguo zake,
tukaondoka kutafuta kazi isiyo na mshahara.
Kibandiko kimoja tu kiligoma kubanduka.
Kipo juu ya mto wangu hadi leo:
Abiria chunga mzigo wako.

Jumamosi sheria ilikuwa moja: hakuna kazi.
Mashine ya presha nikaifungia ndani ya sufuria.
Yeye akaenda Mbuyuni kununua nyanya,
akarudi na nyanya tatu
na nati ishirini na mbili zikilia mfukoni,
mbili kwa kila dawati.
Sikusema kitu.
Alipokuwa sokoni, mimi nami
nilishampima bibi mmoja aliyepita na mzigo wa majani ya ng'ombe.

Mchana tulilala kama watu walioiba usingizi.
Tukala ndizi. Tukagombana kidogo juu ya chumvi,
tukanyamaza kwa muda unaostahili,
kisha akanikata kucha za miguu,
maana mimi siku hizi siinami vizuri
na yeye, kitu chochote kigumu kwake ni koleo tu.

Wiki sita tumeishi chini ya mlima
na hatujauona. Wingu juu ya wingu.
Kila asubuhi huniuliza, kama anayeulizia barua:
Umetoka?
Haujatoka.

Jumapili, saa kumi na mbili na kitu,
niliamka mwenyewe. Mwili wa nesi hauna likizo.
Nikasogeza kanga kwa kidole kimoja.
Ulikuwepo.
Mzima, hauna hata uzi wa wingu,
barafu yake ina rangi ya pera lililokatwa sasa hivi,
mkubwa hata nikaona aibu kwa nywele zangu timtim.

Nikageuka nimwamshe.
Mkono ukafika begani kwake, ukasita.

Miaka thelathini na moja nimeamsha watu:
amka baba, dawa;
amka mama, sindano;
amka, ndugu zako wamefika.
Na wapo niliowaita, nikawaita tena, hawakuitika.

Anyitike alikuwa anakoroma kama gari linalopanda Sekenke,
grisi bado chini ya kucha,
mdomo wazi kidogo
mfano wa mtoto anayengoja kijiko.

Nikaurudisha mkono.
Nikautazama mlima kwa niaba ya wawili,
dakika saba, pengine nane,
mpaka wingu likapanda kutoka msituni
likaufunika taratibu, kama mtu anayemvutia mwenzake shuka.

Alipoamka jua lilikuwa limeshaingia hadi kwenye vyombo.
Umetoka?
akauliza, akipapasa kutafuta miwani.

Nikakitazama kibandiko.
Nikammiminia chai, nikaongeza sukari asiyoruhusiwa.

Kunywa kwanza, nikasema.