Chumba cha Mia Sita

Kila herufi imepewa chumba kimoja,
vipimo mia sita kwa upana, wala si mia sita na kimoja.
i iliyokonda kama sindano, m yenye miguu mitatu,
nukta, koma, sifuri:
kodi sawa, ukuta sawa.

Sisi tuhesabuo mizani tunaijua adhabu hii.
Neno zuri linagoma mlangoni, limezidi silabi moja,
nawe unakaa nalo hadi chai inafanya utando.

Bogna Wierzbicka, ghorofa ya tatu, mjini Łódź,
anakunywa ya rangi, na kipande cha limau.
Bomba la joto linagonga ukutani
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Shirika la reli limelipia nyuso tatu:
ya kawaida, iliyokoza, ya mlazo.
Ya nne haikuombwa.
“Nani ataandika kwa nzito iliyolala?”
alisema karani wa manunuzi, na halikuwa swali.

Lakini usipoichora, kompyuta itajichorea.
Itaishika ile nzito mabegani, iisukume upande,
o igeuke yai lililokaliwa,
s ivimbe shingo.
Bogna ameyaona hayo kwenye lebo za dawa.
Kwa hiyo anachora, usiku, bila malipo.

Anaanza na n; n ikikubali,
h na u hufuata.
m haifuati mtu.
Miguu mitatu minene, chumba kilekile:
anaunyoa wa katikati, anaufupisha hadi unaning'inia,
hewa ipite. Wino usiopumua ni doa.
i nayo anaipa kibaraza juu, mkia chini,
ienee chumbani bila kunenepa.
Nyuzi kumi na moja za kuinama zilizidi:
kichwa cha d kilimgonga jirani.
Akarudi tisa na nusu.
Kuinama bila kumwegemea mtu,
hapo ndipo usiku wote ulipokwendea.

Kisha lugha yake mwenyewe ikaja kudai:
ł iliyochanjwa tumboni,
ę, ą, na mikia yake.
Mkia wa ą ameufuta mara kumi na nne.
Ukikoza ni tone la uji, ukikonda haupo.

Baba yake, Zenobiusz, alipiga taipu ratiba za mabehewa ya makaa.
Mashine ile haikujua kukoza wala kulala.
Akitaka neno lisikike alirudisha kigari nyuma,
akapiga juu yake, tena, tena,
hadi karatasi ikatoboka.
Bogna, miaka sita, aliinua HATARI dirishani
akalisoma kwa jua.

Kutno, zamu ya usiku. Gerwazy Pilch na mistari arobaini ya skrini.
Saa chini ya saa, njia chini ya njia;
vyumba vilisawazishwa kwa ajili hii,
jicho lishuke wima kama ndoo kisimani.
Saa tisa kasoro dakika nane
mstari mmoja unakoza na kuinama:
njia ya nne, si ya kwanza.
Hakuna king'ora. Anaweka mkate chini, ananyanyua simu.
Ukimuuliza kesho herufi ilikuwaje,
atasema, herufi gani?

Na kule Gdynia binti wa programu
ameandika kwa nzito ya mlazo, katikati ya msimbo wake:
usiguse hapa, sijui kwa nini inafanya kazi.

Asubuhi risiti inafika, ya nyuso tatu.
Bogna anatuma faili nne, bila maelezo.
Anachapisha neno moja, lile la baba,
analiinua dirishani.
Theluji imeangaza uani kote,
na mwanga haupenyi popote.
Analitazama kitambo.
Kisha anaketi, anaufungua tena
mkia wa ą.