Hewa ya Kununua

Pipa limeandikwa Kiarabu na Kichina.
Dawa yake rangi ya chai iliyolala,
inanuka sabuni ya mche iliyosahauliwa juani.
"Hii," anasema Injinia Zuweina, "hutia hewa."
Nikacheka. Miaka kumi na tisa ya ufundi
sijaona mtu akilipia hewa.

Kwetu Makunduchi nilifunzwa kuifukuza.
Babu alipiga sakafu ya chokaa kwa fimbo
siku tatu, mpaka ikalia kama sahani.
Hapa Ghuba nikapewa kitetemeshi, na maneno yaleyale:
itoe, itoe, tundu ni aibu ya fundi.
Ruwi, Sohar, Duqm,
nimeitoa kwenye nguzo
ambazo sijui leo nani anaziegemea.

Lakini Saiq si Ruwi.
Januari, alfajiri, hodhi la mbuzi lilivaa kioo.
Nilikigonga kwa ufunguo, kikanijibu.
Maji yakiganda huvimba, hayabishi hodi,
na yakikosa pa kuvimbia ndani ya zege
hubomoa kwa mwenyeji wao.

"Basi tuyape nafasi,"
kwa Kiswahili cha mama wa Wete kilicholelewa Nizwa,
"viputo vidogo kuliko tundu la sindano,
vingi, vimetawanyika, kila kimoja na ukuta wake."
Akapasua komamanga kunionesha,
kisha akaila hoja yake, chembe kwa chembe.

Septemba, lori la Gulab likafika saa tano,
limepanda kutoka Birkat al-Mauz likizungusha tumbo,
joto la bondeni bado limo kwenye chuma.
Tukajaza chungu cha kipimo, tukafunga, tukapiga pampu.
Mshale ukashuka, ukasita: tatu na nusu.
Kiwandani ilikuwa sita.
Hewa ilishuka njiani, kona kwa kona,
bila kulipa nauli.

Gulab akatazama viatu vyake.
Nikasema, tumwage tu, nani atahesabu matundu?
Zuweina hakunijibu. Akachukua jagi,
akapima kama anayempimia mtoto dawa ya kikohozi,
maana ikizidi, ukuta huwa andazi:
umeumuka, ukiubonyeza unabonyea.
Tumbo likazunguka tena. Tukapima tena.
Tano na nusu.
"Mwageni."

Kambini tulikuwa wanane chumba kimoja,
soksi za Rafiq zikikauka juu ya uso wangu.
Mke wangu akapiga: karo, paa, mama kaanguka tena.
Ndiyo, nikasema. Ndiyo. Nitatuma.
Kitu kikavimba kifuani
kikipapasa kuta.
Nikatoka nje na blanketi, nikakaa
mpaka mbwa wa jirani akachoka kunibwekea.

Nyuma ya maabara tuliacha vipande viwili,
kimoja na dawa, kimoja bila.
Mwezi wa pili, baada ya usiku mwingi wa sakitu,
kile kikavu kimemenyeka kama muhogo uliochemka,
kokoto zake nje, hadharani.
Mwenziwe yupo. Nikamkandamiza kwa dole gumba:
mgumu, baridi, kimya,
na humo ndani vyumba nisivyoviona,
vimepangishwa na maji usiku, vimehamwa asubuhi.

Injinia akanipa fomu.
Penye hewa nikaandika tano na nusu.
Penye maoni nikaacha wazi.
Akaitazama ile nafasi kitambo,
akatia sahihi.