Mji wa Magotini

Tiketi nilipewa na kampuni,
tuzo ya kutokosa zamu tangu Ramadhani:
moja tu, haihamishiki, Jumanne pekee.
Basi nikapiga pasi shati la mikono mirefu
nikaenda kuutazama mji ninaoulinda.

Uko ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi kikali,
Dubai nzima juu ya meza,
matofali ya plastiki, kila moja dogo kama jino la utotoni.
Ule mnara mrefu kuliko yote ulinipita kichwa,
huo nauheshimu.
Mingine ilinifika kiunoni. Mingine magotini.
Wetu niliujua kwa ile kona yake ya buluu:
ghorofa hamsini na mbili,
na juu ya paa ningeweza kutua kikombe cha chai.

Nikainama kuchungulia mlangoni.
Kuna mgeni na sanduku lake, kuna mbwa,
kuna bibi wa njano mwenye miwani myeusi,
wote wanacheka, maana huku hakuna uso usiocheka.
Kiti changu hakipo.
Kile cha kukunja, nyuma ya chungu cha maua ya bandia,
miaka sita nimekikalia nikisema karibu, karibu tena.
Labda walijenga mchana.
Mimi ni wa usiku.

Nikampigia Zaituni simu ya video.
Muheza walikuwa wametoka shule, nyuma yake kuku wanagombana.
"Nionyeshe unakofanya kazi," ndio wimbo wake wa kila siku,
nami kila siku namwambia simu hairuhusiwi lindoni.
Nikaigeuza kamera.

Akanyamaza.
Halafu: "Baba! Mbona kuzuri hivyo?"
Nikajua hajajua.
Kwenye kioo cha simu ghorofa la kweli na la kuchezea
yote ni urefu wa kidole gumba,
na mtandao ulikuwa wa kusuasua, ukasaidia kuficha viungio.
Nilitaka kusema. Wallahi neno lilikuwa mdomoni.
Lakini alishaanza kuita wenzake,
njooni, njooni muone kwa baba,
vichwa vitano vikajaa kioo, kimoja kina kamasi,
nami nikaitembeza simu polepole kando ya barabara kuu
kama dereva aliyebeba bibi harusi.

"Mbona magari yamesimama?"
Foleni, nikasema.
"Mbona watu hawatikisiki?"
Joto. Hapo sikudanganya sana.
"Na wewe unalala wapi?"

Nikatafuta.
Baada ya jangwa la rangi ya biskuti na ngamia wawili
mji uliishia kwenye ukingo wa mbao.
Al-Quoz haikufika mezani.
Nikapima kwa shibiri, kutoka baharini kwenda bara,
moja, mbili, tatu na nusu,
nikauvuka ukingo,
nikashuka hadi kwenye zulia, jirani na mtungi wa kuzimia moto.
"Hapa," nikamwambia.

Akaona zulia la kijivu
na kiatu changu cheusi cha kazi, kamba imefungwa fundo mbili,
kikubwa kuliko msikiti,
kikubwa kuliko uwanja wa ndege na ndege zake.

"Baba," akasema, sauti imepungua,
"kumbe wewe ni mkubwa namna hiyo?"

Nikaguswa bega. Mlinzi wa ukumbi, kijana wa Nepali:
usiegemee, rafiki, tafadhali.
Nyuma yake nikakiona kiti cha kukunja,
chupa ya maji chini yake, kitambulisho kinaning'inia kwenye mgongo wa kiti.
Nikasogea hatua moja
kama ninavyowasogeza watu mimi,
simu bado mkononi, bado imeelekea chini,
na watoto watano wa Muheza, kimya,
wanakitazama kiatu.