Siku ya Ishirini na Tisa

Karani, nipatie kalamu nyingine, hii inakohoa.
Mmeniachia mistari mitatu
penye "Eleza mgogoro",
nami nina miaka kumi na mmoja ghalani
nikipima tumbaku za watu.

Jina: Nyamizi Mihayo. Kazi: mpima mizani.
Tarehe ya kuachishwa: Jumanne, saa moja kasorobo,
Sizya mlinzi kanizuia getini,
macho kayashusha kwenye viatu vyangu:
"Dada, jina lako halimo."

Barua hakuna. Onyo hakuna. Kikao, cha nani?

Kosa langu nalijua, ila hawajalitamka.
Robota la mkulima wa Urambo lilisoma arobaini na tisa,
nikaambiwa niandike arobaini na tatu.
Niliandika nilichokiona.

Mume wangu anasema, kaombe radhi.
Radhi ya nini, ya macho?
Sheria imenipa siku thelathini; ishirini na nane
zimeishia kwenye "njoo kesho" ya meneja.
Leo nimetoka Ng'ambo kwa miguu,
nauli nimetolea nakala, kurasa tisa,
na zote, nusa uone, zinanuka tumbaku.
Ni hii mikono. Sabuni imeishindwa.

Hapa chini mnauliza nataka nini:
kurudishwa, au fidia.

Kwanza nataka zile kilo sita.
Hazina kisanduku?
Haya, weka alama kwenye kurudishwa.
Na huo muhuri, ndugu yangu, ugonge kwa nguvu,
upenye
hadi nakala yao.