Januari Mosi

Kutaisi. Theluji imelala juu ya nyaya.
Malkhazi amepiga magoti nyuma ya tanuri,
tochi mdomoni, unga kwenye nyusi.
Kamera nne; ya tatu haioni kitu.

Kabadilisha waya. Kiza.
Kachomoa kadi, kaipuliza vumbi, kairudisha.
Kiza bado, halafu ghafla: mlango, ngazi, paka.

"Na mwizi wa juzi?" Nazibrola anauliza.
Anaitafuta juzi. Juzi haimo.
Diski imejaa pomoni, lakini kila siku
imeandikwa Januari mosi, elfu mbili na tatu.
Betri ya saa imekufa,
ile ndogo kama kifungo cha koti;
umeme ukikatika, mashine inarudi utotoni.

Bibi anavuta kiti.
"Mwaka huo Tamazi alikuwa bado anaoka."
Anaikodolea skrini, kana kwamba
mtu aweza kuingia kwa mlango wa kamera ya tatu
akikung'uta theluji mabegani.

Malkhazi ana betri mpya mfukoni. Lari tano.
Anaigeuzageuza vidoleni.
"Nije nimalizie kesho?"

"Kesho," anasema bibi, "ya mwaka gani?"